Gemu Linastaki kwenye Laptopu: Kwanza Litazame Linastaki Vipi

Kijana aliingia kibandani kwangu na begi mgongoni, akatoa laptopu na kuiweka mezani kabla hata ya kukaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Inasumbua nini?"

"Gemu linastaki. Nataka uniongezee RAM."

"RAM umeambiwa na nani?"

"Washkaji."

Kesi yake nitaimalizia huko mbele. Kwa sasa shika neno hilo moja, "linastaki", maana ndilo linalowapotezea watu hela. Lipo gemu linalokwenda vizuri dakika kumi kisha linachoka. Lipo lililo zito tangu kwenye menyu. Lipo linalokwenda poa muda wote ila kila baada ya sekunde kadhaa linashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Na lipo laini kabisa, ila mchezaji wako anatoa pasi nusu sekunde baada ya wewe kubonyeza. Wote hawa wakija kwangu wanasema linastaki, na wote wameshashauriwa waongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta inafanyia kazi.

Mashine ninazozizungumzia ni zile tulizozizoea: laptopu za ofisini zilizotumika Ulaya au Dubai zikaingia huku, HP EliteBook 840, ThinkPad T480, Dell Latitude na wenzao, zenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5 na picha zinazochorwa na kitengo cha picha kilicho ndani ya prosesa hiyo, bila kadi ya picha ya pembeni. Wenye kadi ya NVIDIA nao wana sehemu yao chini. Windows ni 10 au 11.

Soma namba kabla ya kugusa kitu

Fungua gemu, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G. Inatokea Game Bar, na ndani yake kuna kidirisha cha "Performance" chenye matumizi ya prosesa, ya picha, ya RAM, na fremu kwa sekunde, yaani FPS. Ukicheza kupitia Steam, nayo ina kihesabio chake cha FPS kwenye setingi za ndani ya gemu. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, nenda "Performance", chagua "CPU", utazame panapoandikwa "Speed". Namba hiyo ya GHz, yaani mwendo wa prosesa, ndiyo ninayoitazama mimi kabla ya nyingine yoyote. Kwa upande wa joto pakua HWiNFO, ni ya bure, na inakwambia hata kama prosesa imeshajipunguza mwendo kwa sababu ya joto.

Andika namba nne: FPS, GHz, joto, na RAM iliyotumika. Andika gemu likiwa ndiyo kwanza limeanza, kisha uandike tena baada ya dakika kumi na tano. Mvivu wa kuandika apige picha kwa simu.

Kuhusu FPS, fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha ina kama milisekunde 16.7 za kuandaliwa, na fremu 30 ina 33. Gemu la mpira lenye 30 isiyotetereka linachezeka vizuri tu. Lenye 60 inayoanguka hadi 25 kila ukikaribia boksi litakuudhi kuliko hilo. Kwa hiyo usihangaike na namba kubwa, hangaika na namba inayoyumba.

"Linaanza vizuri, baadaye linachoka"

Hii ndiyo ninayoipokea zaidi ya zote, na mhusika ni joto.

Prosesa ya Core i5-8250U, iliyomo kwenye T480 nyingi, inaruhusiwa kupanda hadi GHz 3.4 kwa muda mfupi. Mwendo wake wa msingi ni 1.6, na upoozaji wake umepangwa kwa wati 15. Ukifungua gemu inatoka mbio, joto linapanda, na ikigusa nyuzijoto 100 inajikata mwendo yenyewe isije ikaungua. Kwenye kioo unaona fremu zilizokuwa 45 zimekuwa 20, na feni inalia kama jenereta la msibani.

Lakini si kila kushuka ni ugonjwa. Ukiona GHz zimetoka 3.4 zikatulia kwenye mbili na kidogo ndani ya nusu dakika hivi, na joto lipo 75, mashine yako ni nzima: imemaliza ruhusa ya kukimbia na sasa inatembea ndani ya wati zake. Tena kwenye laptopu hizi prosesa na picha wanakula sahani moja. Picha zikihitaji wati nyingi, prosesa inabaki na makombo. Ugonjwa ni pale joto linapofika 95 hadi 100 na GHz zinaporomoka huku gemu likiwa lile lile.

Kisababishi kikubwa ni vumbi, na wengi hawaamini mpaka walione. Kuna dada mmoja wa chuo aliniletea laptopu inayozima kabisa katikati ya gemu. Nilipofungua, kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na kitu kama kipande cha sweta. Nilikivuta kwa kibanio kikatoka kizima, unene kama wa sarafu mbili, kijivu, kimesokotana na nyuzi za bluu.

"Dada, shuka lako ni la bluu?"

Akacheka. "Blanketi."

Mashine ilikuwa imechezewa kitandani miaka miwili. Tundu la kuvutia hewa liko chini ya laptopu, na godoro linaliziba. Feni ikikosa hewa inavuta kilichopo, nacho ni manyoya ya blanketi. Kwa nje huoni kitu. Ukipuliza kwa mdomo tunduni unaongeza unyevu tu, na kile kisweta hakiondoki kwa sababu kiko upande wa ndani wa mapezi, feni inakikandamiza kila siku.

Ukitaka kusafisha mwenyewe: zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, na kabla ya chochote chomoa waya wa betri kwenye ubao. Fungua skrubu za feni, itoe, usafishe mapezi kwa brashi laini. Ukipuliza kwa kopo la hewa ishike feni kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa kwa kasi isiyo yake bearingi zinaharibika. Usiende gereji kupuliziwa na kompresa ya matairi. Ile hewa ina nguvu kupita kiasi na ina maji ndani yake.

Ukiwa umefika huko, badili na pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba. Kwenye mashine ya mwaka 2018 pesti ya kiwandani mara nyingi imeshakauka kama chokaa. Futa ya zamani kwa spiriti aina ya isopropili na kitambaa kisichotoa manyoya, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha shaba. Skrubu zake zimeandikwa namba 1 hadi 4. Fuata namba hizo kwa zamu, kila moja kidogo kidogo, usikaze moja hadi mwisho kabla ya nyingine, maana shaba ikikaa upande joto halipiti. Na tafadhali, dawa ya meno haifanyi kazi hii. Nimeisafisha kwenye mashine mbili tayari na sitaki ya tatu.

Asiye tayari kufungua ainyanyue laptopu kwa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ya maji. Inachekesha, lakini hewa inapita na joto linashuka papo hapo. Halafu kumbuka hali ya hewa. Dar es Salaam mwezi wa pili chumba kina nyuzijoto 32 au 33, na feni ya laptopu haiwezi kupooza chini ya hewa inayoivuta. Mashine ile ile Arusha mwezi wa saba ni mnyama mwingine.

Kuna ujanja unaozunguka wa kuingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kuweka "Maximum processor state" kuwa asilimia 99. Unazima ile ruhusa ya kukimbia. Kwa Core i5-6300U ya EliteBook 840 G3 unapoteza 3.0 unabaki na 2.4, joto linashuka sana na gemu linaweza hata kutulia. Kwa 8250U unaangukia karibu na 1.6, ambako ni kujiumiza. Mimi nautumia kama kipimo: nikiweka 99 na kuchoka kukaisha, najua nashughulika na joto, narudi kwenye bisibisi.

"Zito tangu mwanzo, hata menyu haiendi"

Hapa narudi kwa yule kijana. Niliwasha mashine yake, nikafungua Task Manager bila gemu lolote. Speed: 0.78 GHz. Nikafungua brauza, 0.78. Nikafungua gemu, menyu ikatambaa kama konokono, 0.78 haijatikisika.

Prosesa nzima haikai hivyo. Ikibanwa na joto hupanda na kushuka. Ikisimama mahali pamoja chini ya 1 kuna kitu kinaikataza. Nikachomoa chaja ikabaki na betri. Ndani ya sekunde chache: 2.9.

"Chaja umenunua lini?"

"Mwezi uliopita. Ya zamani ilikatika waya."

Basi. Chaja za Dell zenye kipini chembamba katikati hubeba taarifa kupitia kipini kile: chipu ndogo ndani ya chaja inaiambia laptopu "mimi ni wa wati 65". Chipu isipokuwepo, au kipini kikipinda, au waya wake mwembamba ukikatika ndani, laptopu haijui chaja ina nguvu kiasi gani, hivyo inajipunguza hadi mwisho ili isiizidie, na mara nyingi inaacha pia kuchaji betri. Wakati wa kuwaka hutoa onyo kwamba aina ya chaja haijatambulika. Watu hulibonyeza lipite kwa sababu linachelewesha. Kijana wangu alikuwa akilibonyeza kila asubuhi mwezi mzima.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha mashine iliyo nzito tangu mwanzo ni hicho, bila gharama: chomoa chaja, tazama GHz. Zikipanda, mkosaji umemshika mkononi.

Pamoja na hilo soma maandishi mgongoni mwa chaja. Zidisha volti kwa ampea upate wati. 19.5 mara 3.34 ni wati 65. 19.5 mara 2.31 ni wati 45 tu, na mwili wake unaweza kufanana kabisa na wa 65. Laptopu za magemu zenye kadi kubwa hutaka 180, yaani ampea 9.23, na mtu anaichomeka ya 65 kwa kuwa kichwa kimeingia. Zenye kuchaji kwa USB-C nazo zinawekewa chaja ya simu. Kuwaka inawaka, lakini gemu hulichezi.

Umeme mdogo wa mtaani sio wa kulaumu haraka hivyo. Chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo taa ikififia laptopu inaendelea kupata chake. Ekstensheni iliyolegea ndiyo mbaya. Chaja inaachia na kushika, na kila inapoachia Windows inahamia mtindo wa betri. Ukiona gemu linapungua mwanga na mwendo kwa pamoja, tikisa ekstensheni.

Windows yenyewe ina mtindo wa umeme. Kwenye Windows 11 ingia Settings, System, "Power & battery", kisha "Power mode" weka "Best performance". Kwenye Windows 10 ni kile kitelezi kwenye alama ya betri. Kucheza kwa betri peke yake, umeme umekatika, ni kucheza kwa nusu ya mashine, hilo halina tiba.

Sababu nyingine ya uzito wa tangu mwanzo ni draiva, programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Mtu kapigiwa Windows mpya, fundi hakuwa na bando, mashine ikaondoka bila draiva ya picha. Fungua Device Manager, tazama "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter" umepata jibu: Windows inachora picha zote kwa prosesa, kitengo cha picha kimelala. Pakua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu au ya Intel. Lakini ukiikuta Intel HD 520 au UHD 620, ambayo ndiyo majina ya vitengo vya picha vya mashine hizi, imeandikwa vizuri, usihangaike kutafuta apdeti kila wiki ukidhani ipo itakayoongeza mwendo. Intel waliziweka picha za kizazi cha 6 hadi cha 10 kwenye kundi la zamani mwaka 2022. Marekebisho ya usalama ndiyo lengo lao sasa, uboreshaji wa magemu mapya haupo.

RAM, sasa

Washkaji hawakuwa wamekosea kila kitu. Wamekosea sababu.

Laptopu isiyo na kadi ya pembeni haina kumbukumbu yake ya picha. Inaazima RAM. Prosesa na picha wanachota kisima kimoja, kwa kamba moja. RAM moja ya aina ya DDR4-2400 inapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Zikiwa mbili zinafanya kazi sambamba na njia inakuwa 38.4. Kitengo cha picha kina njaa ya njia kuliko ya ujazo, ndiyo maana gigabaiti 8 na 8 kwenye nafasi mbili inaishinda 16 moja kwenye nafasi moja, kwa magemu, waziwazi. Kwenye mashine za UHD 620 hakuna hela ndogo inayoleta tofauti kubwa kama hii.

Wauzaji wanaoingiza mashine wengi huweka RAM moja, maana mteja anauliza "ina RAM ngapi?" wala haulizi ziko vipande vingapi. Fungua Task Manager, "Performance", "Memory", tazama "Slots used". Ikiandika 1 of 2, hapo ndipo hela yako inapotakiwa kwenda. T480 ina nafasi mbili, EliteBook 840 G3 na G5 pia. T480s, yenye herufi s, ina kipande kilichounganishwa moja kwa moja kwenye ubao na nafasi moja tu ya kuongeza. ThinkPad X1 Carbon haina nafasi kabisa, kila kitu kimechomewa. Ujue kabla hujalipa. Na 840 G2 inatumia DDR3L wakati G3 inatumia DDR4. Mkato wa meno ni tofauti, haiingii, usilazimishe.

Ujazo nao una zamu yake. Ikiwa RAM ni 8 na Game Bar inaonyesha imejaa asilimia 90 na zaidi, kabla ya kununua funga brauza. Vichupo kumi na tano vya brauza vilivyofunguliwa na muziki wa mtandaoni vinakula gigabaiti mbili au tatu bila aibu.

Kwikwi

Fremu ziko sawa, ila kila muda mfupi gemu linaganda kidogo na kuendelea. Tazama "Disk" kwenye Task Manager. Ikiwa asilimia 100 wakati wa kwikwi na mashine bado inatumia diski ya kuzunguka (HDD), tatizo umelipata. Gemu kama GTA V linapakia mji kadiri unavyoendesha gari, na diski ya mizunguko 5400 haikimbizani na gari. Barabara inachelewa kuja, unaendesha hewani. Weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Hakuna mjadala hapa. Ukiwa na SSD tayari, tazama kama diski C haijajaa hadi kwenye nyekundu, na kama Windows Update haishushi kitu nyuma yako.

Kwikwi za dakika za mwanzo katika gemu jipya, zinazopungua kadiri unavyocheza, ziache. Gemu linaandaa michoro yake kwa mara ya kwanza.

Kuna kwikwi ya aina nyingine ambayo watu hawapendi niitaje. Magemu ya kurushiwa kwa flashi. Sitoi hotuba, ninajua bei za magemu na ninajua mishahara. Ila mwaka 2021 watafiti wa Avast walifichua kirusi walichokiita Crackonosh, kilichopakiwa ndani ya magemu yaliyovunjwa kinga ili yachezwe bila kulipiwa, GTA V likiwemo. Kazi yake ni kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa prosesa yako, na kinajilinda kwa kuzima Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows. Viko vingine vya namna hiyo vinavyojificha pale tu unapofungua Task Manager. Kwa hiyo dalili yake ni ya kuchekesha: feni inanguruma hujafungua chochote, ukifungua Task Manager kutafuta mchawi feni inatulia. Ukiona hivyo, au ukikuta Defender imezimwa na inakataa kuwaka, okoa picha na nyaraka zako tu, usiokoe programu, upige Windows upya. Mashine zilizofika hapo sijawahi kujutia kuzifuta.

Yote yako sawa, bado halitoshi

Joto 80, GHz nzuri, RAM mbili, SSD. Bado fremu 22. Hapa tunapima nani amezidiwa. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Ya kwanza ina pikseli 2,073,600, ya pili 921,600, chini ya nusu. Fremu zikiruka juu, aliyezidiwa ni kitengo cha picha, na utaendelea kumpunguzia: vivuli kwanza, halafu majani, halafu ule ulainishaji wa kingo unaoitwa MSAA, ambao kwenye mashine hizi unazimwa kabisa. Fremu zisipobadilika hata kidogo, aliyezidiwa ni prosesa, na kushusha picha zaidi ni kujinyima uzuri bure. Punguza idadi ya watu na magari, au umbali wa kuona. Ila kabla ya kuhukumu hivyo hakikisha V-Sync, setingi inayolazimisha fremu ziende na mwendo wa kioo, imezimwa, maana inaweza kukufungia kwenye 30 ukadhani ni uchovu.

GTA V lililotoka kwenye kompyuta Aprili 2015 linachezeka kwenye UHD 620 kwa 720 na setingi za chini. Ndiyo mpaka wenyewe huo. Cyberpunk 2077, ambayo tangu 2023 kiwango chake cha chini ni GTX 1060 ya gigabaiti 6 pamoja na SSD, hakuna setingi itakayokufikisha. Nikimwambia mteja hivyo ananiangalia kama nimemtukana. Soma mahitaji kwenye ukurasa wa gemu kabla ya kumaliza bando la gigabaiti 70.

Wenye kadi ya NVIDIA

Kadi ipo, gemu halijui. Windows inaweza kulipeleka gemu kwenye picha za ndani ili kuokoa umeme. Ingia Settings, System, Display, "Graphics", ongeza gemu lako, uchague "High performance". Kisha kwenye Task Manager tazama GPU 0 na GPU 1 (GPU ni kitengo cha picha) gemu likiwa linaenda. Yenye jina la NVIDIA ndiyo inayotakiwa kutoka jasho. Ukichomoa chaja na fremu zikaganda kwenye 30 kamili, hiyo ni Battery Boost ya NVIDIA inalinda betri. Na wenye kadi ya MX150 wajue ilitoka ya wati 25 na ya wati 10 kwa jina moja, hivyo mashine yako kushindwa na ya jirani yenye kadi "ile ile" si lazima iwe mbovu.

Ile ya pasi kuchelewa

FPS 60, picha laini, lakini wapinzani wanaruka kutoka hapa hadi pale. Cheza mechi moja bila mtandao. Tatizo likipotea, usiniletee laptopu, ni intaneti. Sogea karibu na ruta au tumia waya, na mzuie mwenzako anayepakua kwa hotspoti ile ile. Seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, ikiwa Uingereza, kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 7,500, na mwanga ndani ya nyaya za chini ya bahari unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 75 hata kama kila kitu kingekuwa kimenyooka, nacho hakijanyooka. Chagua seva ya karibu zaidi kama gemu linaruhusu.

Zile programu za kuongeza mwendo wa magemu kwa kubonyeza mara moja, na za kusafisha RAM, sijaona hata moja iliyotengeneza mashine iliyoletwa mezani kwangu. Nimeziondoa nyingi.

Ukishindwa yote, mpelekee fundi laptopu pamoja na ile picha ya namba nne, ya mwanzo na ya dakika kumi na tano. Na uje na chaja. Kila mtu anasahau chaja.